Muulize Ticha: Muhula wa Pili Unabana, Kengele ya Mwisho Ikilia Ndo Kazi Inaanza

Jamani muhula wa pili. Mnafungua Julai mnasema mda bado upo, ukigeuka tu ni Septemba, fomu foo wametoka kwenye moko wanaingia kwenye mahafali, fomu tuu nao wana mtihani wa taifa, fomu faivu ndo kwanza wamekuja na matranka yao hawajui hata bwalo liko wapi, viranja wapya wameapishwa juzi, na ofisi ya walimu kila mtu ana karatasi mkononi anatafuta chumba. Maswali ya mwezi huu karibu yote yanahusu hayo hayo. Nimechagua machache, mengine nimeyafupisha maana kuna mama mmoja kaniandikia kurasa nne.

Mwalimu habari za kazi. Binti yangu yupo fomu tuu shule ya kutwa hapa Morogoro. Muhula huu kachaguliwa kwaya ya mahafali, yupo timu ya netiboli, yupo klabu ya mazingira, na juzi tena kapewa ukiranja wa usafi. Anaondoka nyumbani giza bado halijatoka, anarudi saa kumi na mbili jioni kachoka hata kuoga anaona tabu, akishika daftari dakika kumi kalala juu yake. Baba yake anasema tumtoe kote abaki na masomo. Mimi naona tutamuumiza maana anavipenda. Tufanyeje? Mama Fomu Tuu, Morogoro

Mama Fomu Tuu, huyo ndo niliyemsema wa kurasa nne, nisamehe. Pole na hongera vyote pamoja.

Baba yake ana hoja. Ule mtihani wa upimaji wa kidato cha pili sio wa kutishia watoto tu, asiyefikia kiwango anarudia darasa, na anayefaulu pia alama zake hazitupwi, zinawekwa zinakuja kuingia kwenye zile 30 za maendeleo zinazojumlishwa na 70 za mtihani wa mwisho akiwa fomu foo. Kwahiyo mtoto anayelala juu ya daftari mwezi wa tisa analipia mpaka miaka miwili mbele.

Ila kabla hamjamtoa kote, kaeni naye chini mpige hesabu. Kwenye barua yako umesema kengele ya mwisho inalia saa nane na nusu na nyumbani anaingia saa kumi na mbili. Hayo ni masaa matatu na nusu. Toa lisaa moja la njia, yanabaki mawili na nusu, mara siku tano ni masaa kumi na mbili na nusu kwa wiki. Sasa muulizeni yanaenda wapi moja moja. Nakuhakikishia hata yeye hajui.

Netiboli. UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, imeshapita, ile inaanzia shuleni inapanda kata, wilaya, mkoa mpaka taifa na inaishia katikati ya mwaka wakati wa likizo. Muhula wa pili hakuna mashindano ya kumfanya mtoto afanye mazoezi kila siku, mara mbili kwa wiki inatosha kabisa, na kama kuna mwalimu anawaweka kiwanjani siku tano basi ni mapenzi yake tu (nilikuwa hivyo hivyo nawajua). Kwaya ya mahafali inakufa yenyewe siku ya mahafali, hiyo ivumilieni. Klabu ya mazingira mara moja kwa wiki haijawahi kumfelisha mtu.

Mimi jicho langu liko kwenye ukiranja wa usafi. Huo ndo unamtoa kitandani. Kiranja wa usafi lazima awepo kabla ya wenzie, ahesabu mafagio, asimamie vyoo, aandike majina ya waliochelewa, alafu jioni madarasa yakishafagiwa ndo anafunga stoo na kurudisha ufunguo. Mtu mzima analipwa kwa kazi hiyo. Usiende kwa hedimasta, nenda kwa mwalimu wa darasa, ongea naye vizuri, mwambie binti apewe msaidizi wake aushike ukiranja mpaka Novemba iishe, Januari akiingia fomu thrii aurudie. Walimu wanakubali sana ombi la namna hiyo likiletwa mapema na mzazi mwenyewe, wanachokichukia ni mzazi anayetokea mtihani umebaki wiki moja anataka mtoto atolewe kila kitu.

Na nikwambie kitu kimoja kuhusu kumtoa kiwanjani. Enzi zangu za upatroni nilikuwa na mchezaji mmoja wa netiboli anacheza GA, yaani goal attack, mfungaji. Vile vizibao vyenye herufi tulikuwa navyo saba tu, seti moja ya shule nzima, tena nilivipigania mwenyewe. Siku moja navikusanya nakuta cha GA kimeandikwa kwa kalamu ya wino ndani yake, elementi ishirini za kwanza kwa mpangilio, hidrojeni huko mpaka kalsiamu. Nikapandisha hasira, nikamuita. Akasimama mbele yangu akazitaja zote bila kuvuta pumzi na jasho linamtoka. Sikujua nimuadhibu au nimpongeze. Kile kizibao hakikutoka madoa mpaka nastaafu.

Shikamoo Ticha. Mimi ni kiranja wa chakula shule ya bweni Tabora. Tangu nichaguliwe sina rafiki. Nikigawa maharage kila mtu anasema nawapendelea wengine, nikimpa mtu kidogo ananiita majina. Nataka kujiuzulu. Kiranja wa Bwalo

Marahaba mwanangu. Usijiuzulu kwanza, tatizo lako ni upawa sio watu.

Maharage ya shule yana tabaka, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Juu kuna mafuta na vitunguu, katikati mchuzi, chini ndo punje zenyewe. Kiranja akichota juu juu kwa rafiki zake na kuzamisha kwa wengine au kinyume chake, foleni nzima inaona, watu wenye njaa wana macho makali sana. Fanya hivi. Koroga sufuria kila baada ya watu kumi, watu wakuone unakoroga. Chota kwa kipimo kimoja, kikombe kile kile, kijae mpaka kwenye mdomo, usiongeze usipunguze. Rafiki zako wa bweni lako wawe wa mwisho kwenye foleni, na wewe mwenyewe ule baada yao. Wiki mbili tu. Na Jumapili siku ya wali nyama usigawe nyama mwenyewe, muombe mwalimu wa zamu asimame hapo pembeni, wala haitaji kufanya chochote, asimame tu.

Mwalimu, kijana wangu anamaliza kidato cha nne shule ya serikali ya kutwa, Kahama. Wametupa barua tuchange elfu arobaini na tano kwa ajili ya mahafali, na rimu moja ya karatasi. Sina uwezo kwa sasa, mavuno yenyewe mnayajua. Mtoto anasema waliambiwa asiyetoa hatapewa cheti na anaweza asiruhusiwe mtihani. Si walisema elimu bure? Baba Fomu Foo, Kahama

Baba, tutenganishe mambo maana yamechanganywa hapo, na naogopa yamechanganywa makusudi.

Elimu bila ada ilianza Januari 2016 kwa shule za serikali mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongezwa kidato cha tano na sita. Kabla ya hapo mzazi wa kutwa alikuwa analipa ada 20,000 kwa mwaka na wa bweni 70,000, hiyo serikali ikaibeba. Haikubeba kila kitu, sare, madaftari, nauli vilibaki kwa mzazi toka mwanzo. Mahafali nayo ni sherehe. Nzuri, mimi naipenda, ila ni sherehe, mchango wake ni wa hiari, na hakuna mtoto aliyesajiliwa anayezuiwa kuingia chumba cha mtihani wa taifa kisa hakuchangia keki.

Cheti nacho, kile anachokabidhiwa siku ile akiwa kwenye joho la kukodi ni cha shule. Cheti cha matokeo kinatoka Baraza la Mitihani, kinakuja baadae sana, wala hakijui kama mlikula pilau au hamkula.

Sasa namna ya kwenda. Usiende na maneno ya "mlisema bure". Nenda na hiyo barua mkononi, muulize mkuu wa shule kwa upole, baba kwa mkuu, kikao gani cha wazazi kilipitisha hiki kiasi na mukhtasari uko wapi. Kama kikao kilikaa na wewe hukwenda, basi ongea ulipe kidogo kidogo au ulete debe la mahindi, shule nyingi zinapokea maana chakula cha siku hiyo lazima kinunuliwe tu. Kama hakuna kikao kilichokaa, waone wajumbe wa bodi ya shule, na wao wakinyamaza kuna afisa elimu kata. Mara nyingi ukiuliza tu mukhtasari uko wapi ile lugha ya kutishia watoto inaisha hapo hapo.

Nikitoka kidogo nje ya swali, mahafali zetu jamani. Mgeni rasmi kaandikwa saa nne anakuja saa saba, watoto wameketi juani na majoho meusi, spika za kukodi zinapiga kelele wee mpaka mjumbe wa nyumba kumi anakuja kuuliza. Alafu risala. Risala ya wahitimu kila mwaka ni ile ile, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi, shule yetu ina upungufu wa maabara, uzio, nyumba za walimu, tunaomba. Mgeni anaahidi mifuko ishirini ya saruji, makofi, picha, anaondoka. Nimekaa kwenye mahafali zaidi ya kumi na tano na risala zote zilikuwa zimeandikwa na mwalimu, mwanafunzi kapewa tu asome. Mwaka mmoja mwalimu wa Kiswahili aliumwa, wakaandika wenyewe. Wakataja jina la mpishi, mama mmoja aliyewapikia uji miaka minne hajawahi kuitwa mbele. Akaitwa. Alitoka jikoni na kanga imelowa maji. Ndo mahafali pekee ninayoikumbuka vizuri.

Shikamoo Ticha, niko fomu thrii Singida. Kila Ijumaa jioni tuna dibeti na lazima uongee kiingereza. Kiswahili naongea mpaka watu wanapiga makofi lakini nikisimama kwa kiingereza miguu inatetemeka, maneno yanaisha, wanacheka. Alafu darasani kuna kibao, ukiongea kiswahili unavishwa shingoni mpaka umkamate mwingine. Nimekivaa mara tatu wiki hii. Mwoga wa Ijumaa

Marahaba. Kwanza acha kujiita hivyo.

Wewe umesoma miaka saba kwa Kiswahili, hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, ukaingia fomu wani kila kitu kimegeuka ghafla isipokuwa Kiswahili chenyewe, na sasa hivi kwenye mtaala mpya Historia ya Tanzania na Maadili. Miguu kutetemeka hapo sio uoga, ni mtu kahamishwa nyumba usiku. Hao wanaokucheka wengi wao hawajawahi kusimama, angalia vizuri, anayecheka sana huwa amekaa benchi la nyuma.

Mbinu niliyokuwa nawapa wangu ni kupanda ngazi. Ijumaa ya kwanza omba kuwa mtunza muda, unagonga kengele tu, lakini umekaa mbele watu wanakutazama unazoea macho yao. Ya pili au ya tatu kuwa katibu, unasoma mlichoandika wiki iliyopita, unasoma tu hutungi. Ukishazoea hapo changia hoja ukiwa kwenye hadhira, sentensi tatu, sio zaidi, uziandike usiku ule kwa maneno unayoyajua, usiende kwenye kamusi kutafuta maneno marefu utajikwaa nayo. Ile salamu ndefu ya kumtaja mwenyekiti na majaji na mtunza muda na wachangiaji wenzako ikariri kabisa kama wimbo, inakupa sekunde kumi na tano za moyo kutulia. Baada ya hapo ndo ukae meza kuu. Muhula mzima unaisha hapo na hakuna shida. Na mkichagua hoja msichague ile ya shule za bweni ni bora kuliko za kutwa, naomba sana, imechoka, chagueni kitu kinachowauma Singida, alizeti iuzwe mbegu au ikamuliwe mafuta hapo hapo nyumbani, utaona hata mnyamavu anaomba nafasi.

Kibao mimi sikipendi na nilikisema hadharani kwenye kikao cha walimu nikaonekana mkaidi. Kinachofundishwa na kibao ni kunyamaza. Mtoto aliyevaa kibao haongei kiingereza, anatembea kimya anatega sikio amkamate mwenzie, na wenzie wakimuona wanakimbia. Darasa linakuwa kimya mwalimu anadhani wameiva. Wewe na wenzako watano muombeni mwalimu wa mdahalo kitu kimoja, mara moja kwa mwezi dibeti iwe ya Kiswahili. Kujenga hoja ni kujenga hoja, ukiijua kwa lugha moja unaihamisha. Na siku hiyo ya Kiswahili simama wewe, waone wanayemcheka ni nani.

Ticha, tulichelewa paredi kwasababu ya mazoezi ya ngoma asubuhi, mwalimu wa zamu akatuchapa viboko sita kila mmoja, wavulana na wasichana. Mwalimu wa ngoma ndo alituchelewesha. Je ni sawa? Fomu Thrii (jina na shule nimeficha)

Si sawa, na umefanya vizuri kuficha jina.

Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, anayeruhusiwa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa na mkuu kwa maandishi, msichana anachapwa na mwalimu wa kike kama yupo shuleni, na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu. Sita haipo popote. Mimi mwenyewe nilichapa zamani, sijivunii, nakwambia kama mtu anayejua ofisi ile asubuhi inakuwaje, mwalimu wa zamu hajanywa chai, ana fimbo mkononi na mkuu wa shule anamuangalia dirishani. Bado si sawa.

Mwambie mzazi au mlezi leo, sio kesho. Mzazi aende kwa mkuu wa shule aombe kuoneshwa kile kitabu. Kama kuna alama mwilini au umeumia nenda kituo cha afya uangaliwe. Na namba 116 ni ya simu ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure, unaweza kuongea nao hata bila mzazi. Ule ugomvi wa mwalimu wa ngoma na mwalimu wa zamu kuhusu asubuhi ni ya nani, huo ni wao wawili, wakaumalize ofisini.

Habari mwalimu mwenzangu. Mimi ni ajira mpya, nimepangiwa Lindi, nafundisha Baiolojia. Mkuu kanikabidhi klabu ya mazingira na ya sayansi kwa pamoja, wanachama kwenye daftari ni 86, siku ya kwanza walikuja 9. Bajeti hakuna. Nianzie wapi? Madam Mgeni

Madam, karibu kazini, na karibu Lindi, utanenepa kwa pweza.

Anza na hao tisa. Wale 77 waache kwenye daftari walipo, waliandikwa ili idadi ipendeze siku ya ukaguzi. Klabu ya wanafunzi tisa wanaokuja kweli ni kubwa. Marehemu Jane Goodall, yule aliyekuja Gombe mwaka 1960 kuwaangalia sokwe, alianzisha programu ya klabu za mazingira za vijana inayoitwa Roots & Shoots mwaka 1991 Dar es Salaam na wanafunzi 12 waliokuja kukaa kibarazani kwake kuongea yanayowakera. Sasa hivi ipo nchi nyingi sana duniani. Kumi na wawili na kibaraza, wewe una tisa na mti wa mwembe, umepungukiwa watatu tu.

Usianze na kupanda miti. Najua ndo kila mtu atakwambia. Miti ya shule inapandwa mgeni akija, inapigwa picha na kufa mwezi unaofuata, mimi kwenye shule moja nilihesabu mashimo kumi na nne ya mti ule ule mmoja, kila mwaka unapandwa hapo hapo mbele ya ofisi. Huwa haufi kwa kukosa mapenzi, kalenda ndo inauua. Angalia ya kwenu, Lindi mvua zinaanza kushika kati ya Novemba na Disemba zinaenda mpaka Aprili, Mei. Mche unataka kuingia ardhini mvua ikianza. Na Disemba shule inafungwa! Kwahiyo mti unapandwa watu wanaondoka, mbuzi wanabaki.

Kwahiyo ukitaka miti, fanya kitalu sasa hivi, Agosti au Septemba, mwarobaini kwa ajili ya kivuli maana ule unavumilia jua na mbuzi hawaupendi sana, na mikorosho michache kwasababu kila nyumba huko inajua kuitunza na mbegu utapewa bure. Viriba kama hamna hela kateni chupa za maji chini mtoboe. Miche ishirini tu. Alafu hapa ndo penyewe, gawa miche kwa wanafunzi wanaokaa karibu na shule, kila mmoja miwili, jina lake liandikwe kwenye kibao, na Disemba wao ndo wanakuja kumwagilia siku mvua ikikosekana na kurudishia miiba mbuzi wakiivuruga. Wa mbali wape kazi nyingine. Ukitoka likizo Januari ukute kumi imepona, umewashinda wote waliokutangulia.

Upande wa sayansi ni rahisi kuliko unavyodhani maana swali liko nje ya geti. Kuna Young Scientists Tanzania, wapo toka 2011, wanafunzi wa sekondari wanafanya utafiti wao wenyewe kuhusu tatizo la pale walipo na wanaochaguliwa wanaupeleka kwenye maonyesho. Hawataki maabara ya kutisha. Wanafunzi wako msimu wa korosho ukianza watakuwa wanabangua na wazazi wao, ile ngozi ya mikono inayoungua na kubabuka na mafuta ya ganda la korosho wanaijua vizuri kabisa, waulize nani anatumia nini kujikinga, majivu, mafuta ya nazi, au hamna kitu, na kipi kinasaidia kweli. Waende na daftari waulize nyumba ishirini. Huo ni utafiti tayari, na umegusa Baiolojia na Kemia pamoja.

Siku ya klabu iwe moja na isihame. Utaona mtihani ukikaribia mtu wa taaluma atakuja kuichukua hiyo saa kwa masomo ya ziada, wiki ya kwanza ataomba, ya pili atachukua bila kuomba. Mpe ya kwanza, ya pili mkatalie kwa adabu mbele ya mkuu wa shule, ukiwa na yale madaftari ya nyumba ishirini mkononi umuoneshe.

Shikamoo mwalimu. Natoka Pangani, nimepangiwa kidato cha tano Njombe, kombi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Nina wiki tatu. Baridi mwalimu sijawahi kuona, maji ya kuoga yanauma, sina mtu ninayemjua, wenzangu wanaongea kwa haraka wanacheka lafudhi yangu. Kuna siku nimelia chooni. Nataka kubadili shule au hata kombi nirudi karibu na nyumbani. Mpwani

Marahaba binti yangu. Pole sana. Mtu wa Pangani kupelekwa Njombe mwezi wa saba na wa nane nami ningelia chooni, wenyeji wenyewe miezi hiyo wanalalamika. Mwezi wa tisa ukiingia utaona jua linaanza kupata nguvu.

Kombi usiiguse kwanza, wiki tatu huwezi kujua kama unaichukia HGL au unaichukia baridi. Jipe mpaka mtihani wa kwanza wa ndani. Kuhama shule kuna barua za wakuu wa shule wote wawili na nafasi iwepo huko unakoenda, ukianza sasa utakaa muhula mzima nusu mguu ndani nusu nje.

Kinachokuumiza naona ni jioni, vipindi vimeisha na prepu bado, ile saa ambayo nyumbani ungekuwa kibarazani. Usiikae bwenini. Kuna vyama vya dini vya wanafunzi, kama ni Muislamu watafute TAMSYA, kama Mkristo kuna UKWATA, TYCS au CASFETA kutegemea na kanisa lako, hawa wapo karibu kila shule ya bweni na huwa wanawapokea fomu faivu kama ndugu, hata kama sio mtu wa dini sana nenda ukale ile chai yao. Kama hutaki huko, nenda kwenye kwaya au ngoma. Lafudhi ya pwani wanayoicheka leo ndo watakayoitafuta siku wakitaka mtu wa kusoma utenzi au kuwa mshereheshaji, ngoja utaniambia. Na siku moja moja waache wacheke ucheke nao, uwafundishe na maneno mawili matatu ya kwenu.

Kuoga, oga mchana baada ya vipindi maji yakiwa yamekaa juani kwenye ndoo, usioge alfajiri kwa kufuata mkumbo. Matroni umemwambia kama hujazoea baridi? Mwambie, wengi wao wana blanketi la ziada stoo. Na muandikie mama leo akutumie kwa basi sweta zito, soksi, na kopo la dagaa wa kukaanga wa huko kwenu. Dagaa mwambie aweke nyingi kuliko anavyofikiria, maana ukifungua tu lile kopo bweni zima litajua, na usiku huo huo hutakuwa tena mtu asiye na mtu anayemjua.